Dozi ya mofini ilipopanda na maumivu yakapanda nayo: uchambuzi wa kisa

Mgonjwa ni mama wa miaka 61 mwenye saratani ya titi iliyosambaa hadi kwenye pingili za kiuno na mifupa ya nyonga. Niseme mapema: si mtu mmoja halisi. Nimemuunda kutokana na sura ambayo watu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, huiona ikijirudia, na vipimo vyake nimevipanga viendane na sura hiyo. Ninayoyaeleza kuhusu kemia ya ubongo, hasa peptidi, ile minyororo mifupi ya asidi amino ambayo neva huitumia kupashana habari, kwa upande mwingine, yametoka maabara na wodini, na nitasema yapi yalionekana kwa panya na yapi kwa binadamu, maana tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika kisa hiki.

Alianza na mofini ya maji, miligramu 5 kila saa nne. Ikamfaa. Wiki chache baadaye alikuwa anatumia miligramu 120 kwa siku, analala usiku kucha, anajigeuza mwenyewe kitandani, na akiulizwa maumivu ni kiasi gani kati ya 0 na 10 anajibu 3, siku nyingine 4. Dawa ya kulainisha choo alipewa tangu siku ya kwanza. Kufikia hapo hakuna cha kuchambua.

Kisha, ndani ya siku tisa, mambo yakageuka. Maumivu yalifika 6, dozi ikapandishwa hadi miligramu 180, akapata nafuu ya usiku mmoja. Yakafika 7, dozi ikawa 240, na safari hii hata huo usiku mmoja haukupatikana. Dozi ikaenda 360. Kesho yake asubuhi mama akasema 9.

"Mama, leo panauma wapi?" muuguzi akamuuliza.

"Mwanangu, niulize pasipouma, nitakujibu haraka."

Mimi naliona jibu hilo kuwa kipimo muhimu kuliko vyote vilivyomo kwenye faili lake. Saratani ilikuwa kiunoni na nyonga. Yeye sasa alikuwa anaumwa mapaja, kifua, na mikono yote miwili hadi vidoleni. Shuka hakulitaka limguse miguu. Muuguzi akachukua pamba, akaipitisha polepole juu ya ngozi ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, mahali pasipo na uvimbe, pasipo na kidonda, pasipo na mfupa ulioliwa na ugonjwa. Mama akauvuta mkono kama aliyeguswa na kaa la moto. Alipokuwa akisinzia, vidole vilikuwa vinashtuka-shtuka vyenyewe. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa. Kreatinini ya damu, kipimo cha kazi ya figo, ilikuwa imepanda kupita ile ya mwezi uliopita, na maji aliyomiminiwa alfajiri yalikuwa bado yamejaa kwenye kikombe.

Mbele ya mgonjwa wa namna hii, jambo la kwanza si peptidi. Ni kuhakikisha saratani haijabana ugwe mgongo, ule mshipa mnene wa neva unaopita ndani ya pingili, kwa sababu ukibanwa na ukachelewa kutibiwa, miguu inaweza isirudi tena. Nguvu za miguu zilipimwa, haja ndogo iliulizwa, picha ya MRI ikapigwa. Madoa ya mifupani yalikuwa yaleyale ya awali. Hapakuwa na jipya, na hapakuwa na kilichobanwa.

La pili ni mwili kuizoea dawa. Hilo hutokea, na watu wengi huishia hapo katika kufikiri kwao: dawa imezoeleka, ongeza. Lakini mwili uliozoea dawa una tabia yake. Maumivu hubaki mahali pake pa zamani na sura yake ya zamani, na dozi ikipandishwa hutulia, japo kwa muda. Huyu mama kila alipoongezewa alizidi kuumwa, na maumivu yakahamia sehemu ambazo ugonjwa haujafika. Mazoea peke yake hayaelezi kwa nini pamba iumize.

Ikabaki dawa yenyewe. Na hapa kuna njia mbili ambazo kwa mgonjwa mmoja huwa zimechanganyika. Ini huigeuza mofini kuwa mabaki mawili makuu. Moja, mofini-6-glukuronidi, linatuliza maumivu barabara. La pili, mofini-3-glukuronidi, halitulizi kitu, na linahusishwa na mishtuko ya misuli na neva kuwa na hamaki. Yote mawili hutolewa na figo. Mgonjwa asiyekunywa maji, figo zikalegea, dozi nayo ikapandishwa mara tatu, anarundika yote mawili. Ile mishtuko ya vidole nadhani ilitoka huko kwa sehemu kubwa.

Njia ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Mofini inapoingia kwenye ubongo inakuta mfumo ambao tayari unafanya kazi. Mwaka 1973 maabara kadhaa zilionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu, yaani sehemu za seli ambazo dawa hunasia, vya dawa za jamii ya afyuni kama mofini, na swali likawa dhahiri: vipokezi hivyo viliwekwa kwa ajili ya nini, kama si kwa ajili ya kitu ambacho mwili wenyewe unatengeneza? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakifanya kazi Aberdeen, Uskoti, wakatoa jibu kutoka kwenye bongo za nguruwe: peptidi mbili ndogo, kila moja ikiwa na asidi amino tano tu, zinazotofautiana kwenye asidi ya mwisho peke yake. Wakaziita enkefalini. Muda si mrefu ikafuata beta-endofini yenye asidi amino 31, na mwaka 1979 kundi la Avram Goldstein huko Marekani likaitangaza dainofini.

Kwamba peptidi hizi hufanya kazi kweli kwa mtu mwenye maumivu, si kwa panya tu, kulionekana mapema. Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields walichunguza watu waliong'olewa meno. Baadhi yao walipata nafuu kwa dawa bandia, isiyo na kitu ndani. Walipopewa naloksoni, dawa inayozuia vipokezi vya afyuni, maumivu yao yakaongezeka. Yaani nafuu ile haikuwa ya kujidanganya. Ilikuwa kemia, na kemia hiyo ilipita kwenye vipokezi vilevile ambavyo mofini huvitumia.

Hadithi hii ya endofini inajulikana, na imependwa mno hadi imeficha nusu yake ya pili. Ubongo una peptidi nyingine ambazo kazi yake, au mojawapo ya kazi zake, ni kuizuia ile nafuu. Kwa mtazamo wa uhai hilo lina mantiki: mnyama aliyetulizwa maumivu wakati wa kukimbia hatari anahitaji kuanza kuyasikia tena akishafika salama, la sivyo ataukanyagia mguu uliovunjika.

Kinara wa kundi hilo ni kolesistokinini. Wengi wameisoma kama homoni ya utumbo inayokiamuru kibofu cha nyongo kijikamue baada ya chakula chenye mafuta. Hiyohiyo imejaa kwenye ubongo, hasa katika umbo lake fupi la asidi amino nane. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilionekana kwamba panya akipewa kiasi kidogo cha peptidi hii, mofini inapoteza sehemu ya nguvu yake, na akipewa dawa ya kuizuia, mofini ileile inakuwa kali zaidi.

Inafanyia wapi kazi? Chini kabisa kwenye shina la ubongo kuna eneo dogo linalopeleka neva zake kushuka hadi kwenye ugwe mgongo wote. Humo kuna seli za aina mbili. Ukimpashia panya joto mkiani, aina moja hulipuka kwa milio ya umeme mara tu kabla hajauondoa mkia, na aina nyingine hunyamaza wakati huohuo. Za kwanza huyasukuma maumivu mbele, za pili huyazuia. Mofini inafanya kazi yake kwa kuzinyamazisha za kwanza na kuziachia za pili. Kolesistokinini ikidondoshwa pale inaziamsha upya zile za kwanza.

Sasa unganisha na yule mama. Panya waliopewa mofini mfululizo kwa siku kadhaa walionekana na kolesistokinini nyingi zaidi katika eneo hilo, na ngozi zao zikawa zinaumizwa na mguso mwepesi. Watafiti walipovizuia vipokezi vya kolesistokinini palepale, au walipokata zile neva zinazoshuka, hali ya kuumizwa na mguso ikaondoka. Kwa kuwa eneo hilo linazungumza na ugwe wote, kutoka shingoni hadi mkiani, likichafuka halichagui pa kuumiza. Mkono usio na ugonjwa unaweza kuumia. Hiyo ndiyo sababu nilishikilia lile jibu la "niulize pasipouma".

Chini, ndani ya ugwe wenyewe, kazi inapokewa na dainofini, na hii ndiyo peptidi inayonivutia kuliko zote kwa sababu ina nyuso mbili. Dainofini A ina asidi amino 17. Tano za mwanzo ni enkefalini ileile, kila herufi mahali pake, na kwa hizo inashika vipokezi vya afyuni na kutuliza. Lakini mwili ukiinyofoa asidi ya kwanza kabisa, tirosini, kipande kinachobaki hakishiki tena vipokezi hivyo, na ukikidunga kwenye ugwe wa panya hakitulizi chochote. Kinamfanya aumizwe na mguso. Kitu kimoja, asidi moja imetoka, na mtulizaji amekuwa mchokozi.

Panya wanaopewa mofini kwa siku nyingi hulimbikiza dainofini katika ugwe mgongo. Ikizidi, inachochea neva zinazoleta habari za maumivu kutoka mwilini zimwage zaidi wajumbe wao, zikiwemo peptidi mbili, dutu P na ile inayofupishwa CGRP. Watafiti walipodunga kingamwili za kuikamata dainofini ndani ya ugwe, panya waliokuwa wamezidiwa na mofini wakaacha kuumizwa na mguso, na mofini ikarudi kufanya kazi kwao. Na zile neva zinazoshuka kutoka shina la ubongo zikikatwa, dainofini haipandi. Kwa hiyo mnyororo umekamilika, walau kwa panya: mofini ya muda mrefu, kolesistokinini juu, amri inayoshuka, dainofini chini, wajumbe wa maumivu wengi zaidi.

Kuna wengine ambao nitawapitia haraka. Nuropeptidi FF, iliyotolewa kwenye bongo za ng'ombe mwaka 1985, hupunguza nguvu ya mofini ikiwekwa kwenye ubongo, lakini ikiwekwa kwenye ugwe mgongo huiongeza. Nosiseptini, iliyotangazwa na makundi mawili mwaka 1995, ilipewa jina hilo kwa sababu panya waliodungwa kwenye ubongo walionekana kuumia zaidi. Baadaye ikabainika kwamba sehemu kubwa ya jambo lile ilikuwa ni peptidi hiyo kuifuta nafuu ambayo panya walikuwa wameipata kutokana na hofu ya kudungwa. Ninazitaja kwa sababu moja: mtu akikuambia peptidi fulani "huongeza maumivu", muulize imewekwa wapi, na mnyama alikuwa katika hali gani kabla haijawekwa.

Je, haya yote yanamhusu binadamu? Kwa kiasi. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka chumba cha upasuaji: watu waliopewa dozi kubwa za remifentanili, dawa ya jamii ya afyuni inayoisha mwilini ndani ya dakika chache, waliamka na maumivu makali zaidi, na ngozi ya kuzunguka kidonda ikawa inaumia katika eneo pana kuliko kwa wenzao waliopewa kidogo. Kwa wagonjwa wa saratani, tulichonacho zaidi ni maelezo ya kisa kimoja kimoja. Na dawa za kuzuia kolesistokinini hazijawa tiba ya maumivu wodini hadi leo.

Dutu P ni funzo zuri la kujizuia. Ilijulikana tangu 1931. Kwa wanyama, kuzuia kipokezi chake kulipunguza maumivu vizuri sana. Kwa binadamu dawa hizo ziliwaangusha watafiti katika kutuliza maumivu, na mojawapo, aprepitanti, ikaja kutumika tangu 2003 kuzuia kutapika wakati wa tiba ya kemikali. CGRP nayo ilileta dawa zilizoidhinishwa mwaka 2018, ila kwa kipandauso. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: peptidi zinatosha kueleza kwa nini dozi kubwa zaidi inaweza kuwa kosa, lakini hazijatupatia dawa mpya ya kumwandikia mama huyu. Mwenye kuuza "tiba ya endofini" anauza maneno.

Yaliyofanyika wodini yalikuwa ya kawaida, na mpangilio wake ndio ulioleta tofauti.

Mofini ilishushwa kutoka 360 hadi 240 siku ya kwanza, ikafika 160 siku ya tatu. Haikukatwa ghafla, kwa sababu mgonjwa akinyang'anywa dawa mwili hutoa jasho, tumbo huharisha, na maumivu hupanda kwa sababu nyingine kabisa, na hapo tena hujui unatibu nini. Aliwekewa dripu ya maji ili figo zijisafishe. Aliongezewa ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji ambayo kwa dozi ndogo hutuliza maumivu, miligramu 100 kwa saa 24 kwa sindano ya polepole chini ya ngozi, kwa siku tano. Ketamini hufunga vipokezi vya NMDA, ambavyo vimo katika njia ambazo dainofini iliyozidi na mofini ya muda mrefu huzitumia kuzifanya neva za ugwe ziwe na hamaki. Tangu siku ya nne akaanzishwa methadoni, dawa nyingine ya jamii ya afyuni, kwa dozi ndogo huku mofini ikiendelea kushuka. Methadoni nayo huzuia NMDA kwa kiasi, na haitegemei sana figo. Ila ni dawa ya kuiheshimu: nusu yake inaweza kubaki mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo dozi inayoonekana salama siku ya pili inaweza kumlaza mtu usingizi wa hatari siku ya tano. Inaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo yalipimwa kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kabla na baada.

Kulikuwa na mwanya ambao karibu upite bila kuonekana. Ile dozi ya dharura, ambayo mgonjwa humeza maumivu yakichomoza kati ya dozi za kawaida, ilikuwa imeandikwa miligramu 60, moja ya sita ya 360. Kama ingebaki hivyo, dozi nne tu za dharura zingerudisha miligramu 240 kwa mlango wa nyuma, na kila mtu angeapa kwamba mofini imepunguzwa. Iliandikwa upya siku ileile.

Jambo jingine lilihusu maneno. Katika siku zile tisa, mama alisikia mara kadhaa kando ya kitanda chake kwamba "dawa imegoma". Mwaka 1997 kundi la Fabrizio Benedetti huko Torino, Italia, liliwadunga wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji maji ya chumvi, likawaambia kwamba maumivu yatapanda, na yakapanda. Waliopewa proglumidi, dawa ya kuzuia kolesistokinini, hayakupanda. Kwa hiyo hofu ya maumivu inapita kwenye peptidi ileile tunayoishuku hapa. Majadiliano ya dozi yalihamishiwa nje ya chumba, na binti yake akaelezwa wazi kwamba dawa inapunguzwa kwa sababu imekuwa nyingi, si kwa sababu mama yake ameachwa. Alikuwa ameshaanza kudhani hivyo, na nani angemlaumu? Kumwona mzazi analia halafu daktari anashusha dozi ni jambo linalohitaji kuelezwa mara mbili.

Mishtuko ya vidole iliisha siku ya tatu. Siku ya sita mama alitaja 4, na pamba ikapita mkononi bila yeye kushtuka. Shuka likarudi miguuni.

Siwezi kusema ni lipi hasa lililofanya kazi. Maji yaliondoa mabaki, mofini ilishuka, ketamini iliingia, methadoni ikachukua nafasi, na maneno ya kando ya kitanda yakabadilika, karibu yote ndani ya wiki moja. Kisa kama hiki hakithibitishi mnyororo wa panya. Kinaendana nao tu. Mtu anayetaka kusema ni mabaki ya mofini peke yake hana mengi ya kumpinga kuhusu mishtuko. Kuhusu pamba ningebishana naye, kwa sababu kuumizwa na mguso kumeonekana pia kwa watu waliopewa remifentanili, dawa ambayo haitengenezi mabaki hayo hata chembe.

Wala kisa hiki kisigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwabania watu mofini. Mgonjwa wa saratani ambaye maumivu yake yamepanda mahali palepale, kwa sura ileile, na hupata nafuu akiongezewa, mara nyingi ugonjwa wake umesonga mbele na anahitaji dozi zaidi bila kucheleweshwa.

Maumivu yaliyobaki yalikuwa ya nyonga, upande mmoja, akijigeuza: 4, wakati mwingine 5. Hayo yalikuwa ya mfupa, ya pale ugonjwa ulipo, na pamba ilipopitishwa juu ya ngozi ya hapo haikuumiza. Alipelekwa kwenye mionzi, grei 8 kwa mkupuo mmoja, na dozi ya methadoni ikaachwa ilivyo hadi ijulikane mionzi imefanya nini.